Benchi la Saitolojia: Seli zinazooshwa, viini vilivyopauka na maswali mengine ya LBC

Barua nyingi za toleo hili zimetoka kwa wenzetu waliohamia saitolojia ya kimiminika, LBC (uchunguzi wa seli zilizosuuzwa kwenye kichupa cha kimiminika kabla ya kuwekwa kwenye slaidi), wakaenda nayo wakiwa na mabakuli, rangi na mazoea ya slaidi za kupaka. Tumeanza na swali lililoulizwa na wengi, na tumelijibu kwa urefu.

Swali: Wahariri, habari za kazi. Tulianza kutumia LBC ya chujio kwa sampuli za mlango wa kizazi. Slaidi ikitoka kwenye mashine, duara la seli linaonekana safi kabisa kwa macho. Tukishapaka rangi ya Papanicolaou, duara lina mapengo, na wakati mwingine nusu ya seli hazipo. Rangi ni zilezile tulizozizoea: hematoksilini ya Harris (ya viini), asidi ya hidrokloriki ya asilimia 0.5, maji ya Scott (ya kugeuza viini bluu), OG6 na EA50 (za saitoplazimu, sehemu ya seli inayozunguka kiini). Tulaumu mashine au slaidi?
*Mteknolojia wa maabara, Mwanza*

Jibu: Mashine msiilaumu bado. Tazameni kwanza mabakuli mawili: la asidi na la maji ya Scott.

Kwenye slaidi ya kupaka, seli zimelala ndani ya ute na protini za mgonjwa mwenyewe. Alkoholi ikishaugandisha ute huo, unazishika seli kama gundi, na ndiyo maana slaidi hizo zilivumilia asidi yenu miaka yote. Kazi ya LBC ni kuuondoa ute, damu na takataka nyingine. Seli zinapofika kwenye kioo hazina tena cha kuzishikilia isipokuwa mvuto mdogo wa chaji kati yake na kioo. Asidi kali, alkali kali au chumvi nyingi huuvunja mvuto huo, na seli zinabaki kwenye bakuli.

Hologic, watengenezaji wa ThinPrep, wamependekeza ukomo kwa slaidi zao: asidi asetiki isizidi asilimia 0.1, asidi ya hidrokloriki isizidi asilimia 0.025, amonia isizidi asilimia 0.1, na lithi kaboneti miligramu 10 kwa lita. Maji ya Scott wanashauri yaepukwe. Asidi yenu ni kali mara 20 kuliko ukomo huo, na maji ya Scott hubeba gramu 20 hivi za magnesi salfeti katika kila lita. Kinachoshangaza ni kwamba nusu ya seli zinabaki.

Kwa mtakaoendelea na Harris, pimeni mililita 0.25 za asidi ya hidrokloriki kali kwa pipeti, mzitie kwenye maji yaliyotoneshwa na kujaza hadi lita moja. Asidi ndiyo inayoingia kwenye maji, si maji kwenye asidi. Lithi kaboneti ina usumbufu wake: mizani nyingi za benchi hazipimi miligramu 10 kwa uhakika. Pimeni gramu 1, yeyusheni kwenye lita moja ya maji yaliyotoneshwa na muiweke kwenye chupa yenye lebo kama akiba. Asubuhi choteni mililita 10 za akiba hiyo, jazeni maji hadi lita moja, na hapo mna miligramu 10 kwa lita bila kubahatisha.

Ushauri wetu hasa ni kuiacha Harris kwa slaidi hizi na kuchukua hematoksilini ya Gill. Harris hupaka kupita kiasi kisha asidi ikapunguza, na muda wa asidi unategemea mkono wa mtu: sekunde chache zaidi na viini vimekwisha. Gill hupaka taratibu hadi kiwango unachokitaka, na hatua ya asidi mnaweza kuiondoa kabisa. Kwa seli zilizolala tabaka moja, jicho linahitaji kuona chembechembe za kromatini ndani ya kiini. Kiini cheusi tii kisichoonyesha ndani yake ni hatari sawa na kilichopauka, kwa sababu weusi wa rangi unaweza kusomwa kama weusi wa ugonjwa.

Huu hapa utaratibu wa kuanzia kwa mkono. Slaidi ikae kwenye alkoholi ya asilimia 95 si chini ya dakika 10 tangu itoke kwenye mashine. Ishushe kwenye alkoholi ya 70 dakika 1, ya 50 dakika 1, kisha maji yaliyotoneshwa dakika 1. Gill kwa dakika 1 hadi 2. Suuza kwenye mabakuli mawili ya maji mpaka la pili libaki jeupe. Lithi kaboneti sekunde 30, maji tena, kisha panda kwa alkoholi ya 50 na ya 95, sekunde 30 kila moja. OG6 dakika 1, alkoholi ya 95 mara mbili, machovyo 10 kila bakuli. EA50 dakika 2 hadi 3, alkoholi ya 95 mara mbili, alkoholi kamili mara mbili au tatu, zaileni mara tatu, na ile ya mwisho dakika 3. Muda wa rangi hutofautiana kwa kila mtengenezaji, na hata kwa chupa na chupa. Jaribuni kwa slaidi mbili tatu za ziada, na mkirekebisha rekebisheni bakuli moja kwa wakati mmoja, kuanzia hematoksilini, kwa sekunde 30. Ukigusa mabakuli matatu siku moja hutajua lipi limekuponya.

Kuna na mambo ya mkono. Msielekeze maji ya bomba moja kwa moja kwenye duara. Maji yaingie pembeni mwa bakuli. Chovyeni taratibu, chovyo moja kwa sekunde, bila kuigonga reki chini. Tena angalieni kimo cha rangi ndani ya bakuli. Duara likiwa na mstari ulionyooka, chini yake rangi nzuri na juu yake pamepauka, hakuna la kutafuta zaidi: rangi imepungua kwenye bakuli na haifikii ukingo wa juu wa duara. Rangi za OG6 na EA zimetengenezwa kwa alkoholi, hivyo hupungua kwa kuvukiza hata siku ambayo hamjapaka slaidi hata moja. Funikeni mabakuli kila mnapomaliza.

Swali: Viini vyetu vinatoka na rangi ya zambarau inayoelekea wekundu, vimepauka, wakati vitabu vinaonyesha bluu iliyoiva. Hematoksilini ni mpya. Tunasuuzia maji ya bomba, na yakikatika tunatumia ya kisima au ya mvua. Siku nyingine zinatoka vizuri.
*Dodoma*

Jibu: Umejijibu uliposema "siku nyingine". Kinachobadilika kwenu ni maji.

Hematoksilini iliyoshikana na alumini huwa nyekundu kwenye asidi na hugeuka bluu kwenye alkali kidogo. Maji ya kisima chenye chokaa huwa na alkali ya kutosha, na kiini kinageuka bluu ndani ya dakika moja bila dawa yoyote. Maji ya mvua hayana madini, huelekea asidi, na kiini kinabaki chekundu hata ukikisuuza robo saa. Maji ya bomba yenye klorini nyingi nayo huifubaza hematoksilini. Mkibadilisha chanzo cha maji kila wiki mnabadilisha rangi kila wiki. Suuzeni kwa maji yaliyotoneshwa tu, na kazi ya kugeuza bluu iachieni lithi kaboneti tuliyoieleza hapo juu. Hapo mvua ikinyesha au isinyeshe, kiini ni kilekile.

Upya wa hematoksilini nao msiuamini kwa tarehe ya chupa peke yake. Dondosheni matone machache kwenye glasi ya maji ya bomba. Yakigeuka mara moja kuwa zambarau ya bluu, rangi iko hai. Yakibaki mekundu au kahawia, imechoka, na kuongeza muda hakutaifufua. (Jaribio hili lifanyeni kwa maji ya bomba au ya kisima, si ya mvua, kwa sababu tulizokwisha kutaja.) Utando unaong'aa kama madini juu ya bakuli mnauondoa kwa kuchuja kila asubuhi, vinginevyo utaukuta juu ya seli umetawanyika vipande vyeusi.

Msomaji wa darubini ana kipimo kingine ambacho hakinunuliwi: chembe nyeupe za damu, neutrofili, zilizoko kwenye slaidi ileile. Vipande vya kiini chake vionekane vimetengana, vyeusi vya bluu, kingo zimekatika. Zikiwa zimepauka, tatizo ni rangi. Zikiwa nzuri na seli za juu zimepauka, tafuta kwingine: slaidi ilikauka kabla ya kuingia kwenye alkoholi, au sampuli yenyewe ilikaa muda mrefu. Seli iliyokauka utaijua kwa kiini kilichovimba na ukungu wake, na saitoplazimu inayovuta waridi hata pale ilipotakiwa kuwa kijani.

Na kama saitoplazimu zote zimepauka au zinaelekea rangi moja, rudini kwenye usuuzaji baada ya lithi kaboneti. Alkali ikibebwa na reki hadi kwenye OG6 na EA inaziharibu rangi hizo kimyakimya, na mtu huishia kulaumu chupa.

Swali: Mimi ni muuguzi, nachukua sampuli kliniki. Maabara wananirudishia wakisema seli hazitoshi. Nazungusha brashi inavyotakiwa. Nakosea wapi? Na mwenzangu anasema kichwa cha brashi kiachwe ndani ya kichupa, mimi nilifundishwa kitolewe.
*Morogoro*

Jibu: Dada, mko sahihi wote wawili, kila mmoja kwa kichupa chake. Mfumo wa ThinPrep unataka brashi isuuzwe kisha itupwe. Mfumo wa SurePath unataka kichwa cha brashi kiachwe ndani. Soma lebo ya kichupa ulicholetewa na usichanganye, kwani hata kimiminika si kimoja: cha kwanza msingi wake ni methanoli, cha pili ethanoli, na maabara wanakishughulikia kila kimoja kwa njia tofauti.

Kwa kichupa cha kusuuzia, brashi ya ufagio ukishaizungusha mara tano kamili kuelekea upande wa mshale wa saa, ipeleke kwenye kichupa papo hapo. Isukume mpaka chini mara 10, kila mara nywele zake zitawanyike kwenye kitako, kisha izungushe kwa nguvu ndani ya kimiminika. Wengi huichovya mara mbili tatu na kuitoa. Wengine huiacha imelowa humo huku wakijaza fomu, wakiamini inajisuuza yenyewe. Kinyume chake ndicho kinachotokea. Kimiminika hicho hugandisha seli, na seli zilizogandia kwenye plastiki hazitoki tena. Suuza kwanza, andika baadaye.

La pili ni jeli ya spekulamu. Jeli zenye kabomeri huganda ndani ya kimiminika, huziba chujio, na mashine hudhani imekusanya seli za kutosha kumbe imekusanya jeli. Maji ya vuguvugu yanatosha kulainisha spekulamu kwa akina mama wengi. Ikilazimu jeli, tafuta isiyo na kabomeri, paka kidogo sana pande za nje, usipake nchani.

Swali: Sampuli zenye damu nyingi zinatushinda. Slaidi inatoka na duara tupu katikati na pete ya damu pembeni. Kuna cha kufanya au tuombe sampuli nyingine?
*Kisumu*

Jibu: Kipo, na mara nyingi kinamwokoa mama wa watu safari ya pili.

Pete hiyo inasema chujio limezibwa na damu kabla seli hazijakusanyika. Kurudia kwenye mashine vilevile ni kupoteza chujio jingine. Damu ivunjwe kwanza kwa asidi asetiki. Lakini kabla ya yote, kama kuna kipimo cha HPV (virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi) kilichoombwa au kinachoweza kuombwa, toeni sehemu yake sasa, kwa pipeti safi, kwenye mrija wenye jina la mgonjwa. Mkishatia asidi msitegemee tena kupima HPV kwenye mabaki hayo.

Kisha mimina sampuli kwenye mrija wa sentrifuji wa mililita 50 na uzungushe kwa nguvu ya 1,200 g kwa dakika 5. Hapa watu huchanganya g na mizunguko kwa dakika: namba hizo hulingana tu kwa urefu fulani wa mkono wa sentrifuji, kwa hiyo someni jedwali la mashine yenu. Mwaga maji ya juu, tikisa kitako (seli zilizotuama chini ya mrija) kilegee, ongeza mililita 30 za mchanganyiko wa CytoLyt (kimiminika cha kuoshea sampuli) sehemu tisa na asidi asetiki kali sehemu moja. Pindua mrija mara kadhaa, zungusha tena 1,200 g kwa dakika 5, mwaga, tazama kitako. Kikiwa bado chekundu, rudia mara moja. Kikiwa cheupe au rangi ya maziwa, tia kimiminika kipya cha PreservCyt (kile cha kichupa cha ThinPrep), rudisha kwenye kichupa mpaka kimo cha kawaida, na upeleke kwenye mashine.

Mtauliza: asilimia 10 ya asidi hapa, na juu tumekataza hata nusu asilimia? Hapa seli zinaelea, hazina kioo cha kung'oka, na asidi yote humwagwa kabla ya slaidi kutengenezwa.

Ute mzito nao hutibiwa kwa njia hiyohiyo. Ila kitako kikiwa kidogo tangu mzunguko wa kwanza, kisichozidi tone, msijipe matumaini: hapo seli hazikuwemo tangu mwanzo. Ombeni sampuli nyingine na muandike sababu kwenye jibu, ili kliniki wajue kama ni damu au ni uchukuaji.

Swali: Seli 5,000 tunazihesabuje? Kuna anayekaa kuzihesabu kweli?
*Nakuru*

Jibu: Hakuna. Mfumo wa Bethesda (mwongozo wa kuripoti majibu ya saitolojia) unataka slaidi ya LBC iwe na angalau seli bapa 5,000 zinazoonekana vizuri, na idadi hiyo hukadiriwa kwa hesabu ya eneo.

Chukua jicho la darubini lenye namba ya uwanja 20 (kipenyo cha eneo linaloonekana, kwa milimita, kabla ya kukigawanya kwa ukuzaji wa lensi). Kwa lensi ya 10, uwanja una kipenyo cha milimita 2, na kwa lensi ya 40 nusu milimita. Duara la ThinPrep lina kipenyo cha milimita 20, sawa na viwanja 100 vya lensi ya 10 au 1,600 vya lensi ya 40. Gawanya: seli 50 kwa kila uwanja wa lensi ya 10, au 3 na kidogo kwa lensi ya 40. Duara la SurePath ni la milimita 13, viwanja 676 vya lensi ya 40, kwa hiyo unahitaji wastani wa seli 7.4 hivi kwa uwanja. Jicho lenu likiwa la namba 22 hesabu inabadilika, fanyeni upya na muibandike ukutani karibu na darubini.

Hesabu viwanja 10 kwa mstari unaopita katikati ya duara kutoka ukingo hadi ukingo, pamoja na mapengo utakayoyakuta. Kuruka mapengo ni kujidanganya. Na ukiona seli moja tu yenye dalili za hatari, hesabu yote weka kando: slaidi yenye seli zisizo za kawaida haiitwi pungufu hata ikiwa na seli 800.

Swali: Slaidi zetu zinang'aa madoa ya kahawia juu ya seli, hasa seli za juu, hatuoni kiini. Nyingine zina ukungu kama maziwa. Ni rangi mbaya?
*Mombasa*

Jibu: Hayo ni mambo mawili, na yote yanatokea baada ya rangi kumaliza kazi yake.

Madoa ya kahawia yanayong'aa ni hewa iliyonaswa juu ya seli. Zaileni ilikauka kabla kavaslipu (kioo chembamba cha kufunika seli) haijalala. Feni ya dari inatosha kusababisha hilo, na pia kutoa slaidi tano kwa mpigo na kuzipanga mezani. Toa moja, dondosha DPX (gundi ya kubandikia kavaslipu) matone mawili, laza kavaslipu kwa upande mmoja ikiteremka taratibu, ndipo utoe ya pili. Kwa duara la milimita 20, kavaslipu ndogo ya 22 kwa 22 hufunika kwa taabu na ikiteleza kidogo ukingo unabaki wazi. Tumieni ya 24 kwa 50. Slaidi zilizokwisha kuharibika zinaokolewa: ziloweke kwenye zaileni mpaka kavaslipu idondoke yenyewe (usiivute, utaondoka na seli), zishushe kwenye alkoholi kamili, ya 95, mpaka maji, kisha zipandishe upya na kuzifunika. EA ikipungua njiani, zipitishe tena kwenye EA.

Ukungu wa maziwa ni maji. Alkoholi kamili hunyonya unyevu wa hewa, na hewa ya pwani haina uchoyo wa unyevu. Bakuli lililoachwa wazi tangu asubuhi jioni si alkoholi kamili tena. Maji hayo huingia kwenye zaileni na kuikoroga. Hamishieni mabakuli nyuma kila siku: alkoholi kamili ya mwisho iwe ya kwanza, na la mwisho lijazwe mpya. Kuiweka ya mwisho kwenye kabati la kufyonza hewa, imefunikwa, ni muhimu pia kwa mapafu yenu.

Wengine hununua alkoholi ya asilimia 96 peke yake, na kwa kushuka nayo hakuna ubaya. Kupata ya 70, pima mililita 700 za hiyo ya 96, ongeza maji hadi ufike mililita 960. Kupata ya 50, pima 500, fika 960 vilevile. Lakini kwa bakuli za mwisho kabla ya zaileni, ya 96 haiwi mbadala wa alkoholi kamili hata ukiongeza idadi ya mabakuli.

Swali: Tunapaka rangi sampuli za mlango wa kizazi pamoja na maji ya mapafu na ya tumbo kwenye mabakuli yaleyale. Mkaguzi amelalamika. Ni kosa kweli?
*Mbeya*

Jibu: Amelalamika kwa haki. Maji ya mapafu na ya tumbo, hasa ya mgonjwa wa saratani, yana seli nyingi zinazoachia slaidi kwa urahisi. Zikielea kwenye bakuli zinaweza kutua kwenye slaidi ya mama ambaye hana tatizo lolote. Kwenye darubini utaziona ziko juu kidogo ya tabaka la seli nyingine, unalazimika kugeuza fokasi kuzifikia, nazo zimelala nje ya duara au peke yake pasipofanana nazo. Ukiona hivyo usitoe jibu: tengeneza slaidi ya pili kutoka kwenye kichupa kilekile. LBC imeturahisishia hapo, kwani slaidi ya kupaka haikuwa na marudio.

Mkiwa na seti moja tu ya mabakuli, pakeni za mlango wa kizazi kwanza, za majimaji mwishoni mwa siku, kisha chujeni rangi zote na mmwage alkoholi na maji ya kusuuzia kabla ya kesho. Karatasi ya chujio ya kawaida inatosha. Mkiwa na uwezo wa seti mbili, ya majimaji ipewe EA65, ambayo ina nusu ya kijani cha EA50 na haizamishi vishada vinene vya seli.

Uchafuzi mwingine hutokea kabla ya rangi: vichupa viwili vimefunguliwa kwa wakati mmoja. Kifunguliwe kimoja, namba yake isomwe na ilinganishwe na slaidi, kifungwe, ndipo kinachofuata.

Swali fupi fupi

*Kalamu gani ya kuandikia slaidi?* (Bukoba) Penseli ya risasi kwenye sehemu yenye ukungu. Wino wa kalamu huyeyuka kwenye alkoholi, na ule unaoitwa wa kudumu huyeyuka kwenye zaileni. Namba ya maabara na jina, vyote viwili.

*Kichupa kinakaa muda gani kabla ya kutengenezwa slaidi?* (Unguja) Cha PreservCyt, wiki 6 kwa saitolojia kwenye nyuzi 15 hadi 30 za Selsiasi. Cha SurePath, wiki 4 kwenye joto la chumba au miezi 6 kwenye friji ya nyuzi 2 hadi 10. Chumba chenu kisicho na kiyoyozi mwezi wa pili hupita nyuzi 30 mchana, na buti la gari la kusafirishia hupita zaidi. Wekeni kipimajoto ndani ya boksi la usafiri na mwandike namba yake kila linapofunguliwa.

*Kimiminika kwenye kichupa kimepungua, tuendelee?* (Tanga) Kwa ThinPrep kiwe kati ya mililita 17 na 21. Kikipungua ongezeni PreservCyt mpya, si maji wala alkoholi ya bakuli. Kikizidi, tafuteni kwanza sababu. Mara nyingi kuna mtu kliniki ameongeza maji, na seli zilizokutana na maji kabla ya kuganda huwa zimevimba na nyingine zimepasuka.